Maji ya Geti la Tatu

Mzee Mwinshehe Pazi alikuwa anasimama geti la tatu la kituo cha Mikoroshoni, Barabara ya Kilwa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana. Kazi yake ilikuwa kuwaonesha abiria wa mabasi ya mwendokasi namna ya kuiweka tiketi ili geti lifunguke. Hapo hapo alipokuwa anasimama, miaka sita nyuma, palikuwa na chumba chake cha kulala.

Hakulificha jambo hilo, wala hakulitangaza. Mie nilikuwa dirisha la tiketi, hatua chache kutoka kwake, na nilikaa miezi miwili bila kujua. Nilikuja kujua siku niliyomuuliza kwa nini haegemei ile nguzo ya kijani, kama walinzi wengine wanavyofanya jua likiwa kali.

"Hapo ndipo kilipokuwa kitanda," alisema. "Sijazoea kupanda kitandani na viatu."

Jina langu Asifiwe. Nimezaliwa Tukuyu, nimekulia Tandika. Habari za nyumba ile alinisimulia vipande vipande, kati ya basi moja na lingine, na kwa kuwa asubuhi mabasi yalikuwa yanafuatana, masimulizi yalichukua wiki tatu.

Kwanza walikuja vijana wa vipimo na darubini yao ya miguu mitatu. Wakaamkia, wakapima, wakaaga. Mwaka uliofuata wakaja wenye rangi nyekundu, wakachora X mbili, moja ukutani upande wa barabara na nyingine mlangoni. Mkewe, Bi Zuena, akaifuta ile ya mlangoni kwa mafuta ya taa. Wakarudi wakaichora. Akaifuta. Mara ya tatu walimkuta amekaa kizingitini, wakamwomba ainamishe kichwa kidogo, wakaichora juu yake.

Fidia ilipotoka walihamia Chamazi. Nyumba ilibomolewa asubuhi moja, kabla ya adhuhuri pakawa tambarare. Kisha pakazungushiwa mabati, na kwa mwaka mzima hakuna aliyejua kinachoendelea nyuma ya mabati hayo, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinaendelea. Baadaye likamwagwa zege. Njia ya zege ilipokamilika, mabasi hayakuwapo, basi bodaboda wakaitumia, na timu mbili za mtaa zikaichezea fainali. Kituo kikaezekwa. Mageti yakasimikwa. Mabasi yakaja, marefu, yenye kiungo katikati kama kumbikumbi.

Zilipotangazwa nafasi za kazi, Mzee Mwinshehe aliomba. Alikuwa mlinzi wa maghala miaka mingi, hivyo hakukosa sifa. Kwenye usaili walimuuliza kama anaifahamu Mikoroshoni. Akasema anaifahamu.

"Hawakuuliza zaidi?" nilimwuliza.

"Waliuliza kama nitaweza kuwahi alfajiri kutoka Chamazi. Nikawaambia nitajaribu. Zamani nilikuwa naamkia humu humu."

Bi Zuena akasikia kwamba mumewe amepata kazi pale. Siku ya tatu akaipiga pasi sare yake, akamkabidhi, akamwambia yeye hapandi mabasi yale wala hatii mguu kituoni. Akawa anakwenda Kariakoo kwa kuzunguka njia za ndani, anabadilisha gari mara mbili.

Mambo yangebaki hivyo. Lakini masika ya mwaka huu maji yakaanza kutoka sakafuni, geti la tatu.

Hayakutoka juu. Msimamizi wetu, Bwana Adelard, alipanda ngazi mwenyewe akakagua paa, akashuka akasema paa ni zima. Maji yalikuwa yanapenya kwenye maungio ya vigae, taratibu, safi kabisa, hata mvua ikiwa imekatika. Bwana Adelard akaweka kibao cha njano cha kuonya kwamba sakafu inateleza. Siku ya pili akaweka cha pili. Siku ya tatu vibao vikaanza kuelea, akalifunga geti.

Kituo chetu kina mageti manne. Ukifunga moja saa kumi na mbili asubuhi, foleni inatoka nje, inavuka kivuko cha waenda kwa miguu, na magari ya barabarani yanasimama kungoja watu ambao nao wamesimama. Wanaochelewa kazini wanakuja dirishani kwangu kunieleza, kana kwamba mie ndiye ninayevujisha.

"Ni kisima," alisema Mzee Mwinshehe.

Bwana Adelard akamtazama. "Kisima gani?"

"Cha nyumbani kwangu."

Bwana Adelard ni mtu mwenye adabu. Alikwenda ofisini, akarudi na ramani ya kituo, akaitandaza juu ya kaunta yangu. "Mzee wangu, kwenye ramani hakuna kisima."

"Kwenye ramani hata mie sipo," alisema Mzee Mwinshehe.

Wakaja mafundi. Wa kwanza wakaziba paa, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoandikiwa. Wa pili wakabadilisha bomba la chooni. Wa tatu wakaja na chombo cha kusikiliza maji chini ya ardhi, wakakiweka sakafuni, wakasikiliza kwa makini, wakaandika kwamba yapo maji chini ya ardhi. Mzee Mwinshehe aliwaeleza wote habari ya kisima. Wakamshauri aandike barua. Akaandika, ukurasa mmoja, kwa mwandiko mzuri. Ikarudi kwa sababu haikupitia kwa msimamizi. Ikapitia kwa msimamizi, ikarudi kwa sababu haina kiambatisho.

"Niambatishe nini?" aliuliza.



Kisha mama mmoja muuza samaki akateleza. Hakuumia. Ila ndoo ilimponyoka, na samaki wakasambaa na yale maji mpaka geti la kwanza, na kwa muda wa robo saa abiria wa kwenda mjini walikuwa wanaingia kwa kuruka changu na vibua. Mtu akapiga picha. Kesho yake asubuhi akaletwa mhandisi.

Aliitwa Brightson, kijana wa miaka kama thelathini, mwenye buti safi. Alimwamkia Mzee Mwinshehe, akakaa naye kwenye benchi, akamsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimeona mtu wa ofisini akifanya hivyo pale kituoni.

"Sasa mzee, kisima kiko wapi hasa? Sitaki kubomoa sakafu yote."

Mzee Mwinshehe akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kitanda nakijua. Sebule naijua. Kisima kilikuwa uani, na ua ulikuwa wa mke wangu, mama Badru. Alikichimba baba yake, kisima kile. Mie nilikuwa naletewa maji."

"Hakikuhesabiwa wakati wa tathmini?"

"Bomba la mtaani lilipofika tulikifunika kwa zege, tukawa tunafulia juu yake. Waliandika jiwe la kufulia, moja."

Ikabidi aitwe Bi Zuena. Mumewe alimwomba jioni hiyo, akakataa. Akamwomba tena asubuhi, akakataa tena, bila ugomvi, huku akimfungia vitafunio vyake. Injinia Brightson akaomba azungumze naye kwa simu. Mzee Mwinshehe akapiga, akaiweka sauti ya nje, akaishika mbali kidogo na uso.

"Shikamoo mama. Naitwa Brightson, ni injinia."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenibomolea?"

"Hapana mama. Wakati ule nilikuwa bado nasoma."

"Ulikuwa unasomea nini?"

"Mambo ya maji."

Tulisikia jogoo akiwika huko Chamazi.

"Basi njoo unichukue," alisema. "Na usije na basi."

Alikuja na pikapu ya ofisi, amekaa mbele, amevaa baibui na ushungi wa rangi ya zambarau. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu asiye na haraka. Mlangoni likatokea tatizo. Bwana Adelard alieleza kwamba mfumo unahesabu kila anayeingia, hivyo mgeni anapaswa kusaini kitabu cha wageni, na kitabu kilikuwa kimejaa tangu mwezi wa tatu, kipya kimeagizwa. Injinia akaanza kubishana naye kwa sauti ya chini. Bi Zuena hakuwangoja. Akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikatie tiketi."

"Mama, wewe si wa kulipa."

"Nikatie tiketi. Sitaki mtu aseme niliingia hapa kwa kuhurumiwa."

Nikamkatia. Akaenda moja kwa moja mpaka geti la tatu lililofungwa, akasimama mbele ya mumewe. Mzee Mwinshehe alikuwa wima kwenye maji, na sare yake ile ile aliyoipiga pasi yeye. Akaitoa kufuli. Akaipokea tiketi, akamwonesha upande wa kuiweka, kama anavyowaonesha wote.

"Karibu," alisema.

"Karibu wapi?"

Mzee akafikiri. Nyuma yake basi la Gerezani lilikuwa linafunga milango. "Karibu ndani," alisema.

Akaingia. Alisimama muda, anatazama mabenchi, taa, ubao wa saa za mabasi. Nilidhani atalia, au atagomba. Alikuwa anatafuta mnara wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara. Alipouona akageuka kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kitandani, akaanza kutembea.

"Mlango wa jikoni," alisema. "Jiko. Hapa palikuwa na kinu." Akahesabu hatua kwa sauti. Likaja basi, abiria wakamiminika, wakamzunguka pande zote mbili. Hakupoteza hesabu. Alisimama kando ya pipa la taka, akavua kandambili moja, akagonga kigae kwa kisigino chake kitupu.

"Hapa."

Injinia akapiga msalaba kwa chaki nyekundu. Bi Zuena akautazama msalaba huo, kisha akamtazama yeye. Injinia akaufuta kwa buti, akachora duara.

Vigae viling'olewa siku iliyofuata. Bi Zuena alitaka awepo, lakini pikapu ilikuwa imekwenda kuchukua mchanga, na wachimbaji walishaanza. Saa tatu nikamwona anashuka kutoka kwenye basi la Mbagala, katikati ya watu, ameshika tiketi mkononi kama risiti ya mahakama. Mumewe alimwambia tu kwamba wamefika futi tatu.

Kwenye futi ya tano, chini ya kifusi kilichoinulia kituo, wakalikuta zege. Waliposafisha udongo, juu yake kulikuwa na maandishi ya kijiti, yaliyoandikwa zege likiwa bichi: jina la Bi Zuena, jina la mumewe, na mwaka. Maji yalikuwa yanatokea ufa wa pembeni, yamekosa pa kwenda kwa sababu msingi wa kituo uliziba mkondo wake. Injinia aliyaeleza haya kwa wachimbaji. Bi Zuena akamwomba mumewe leso. Akapewa. Nilifikiri ni kwa ajili ya macho. Akapiga magoti ukingoni, akainama, akalifuta tope jina la mumewe, halafu lake. Mzee Mwinshehe alimshika mgongoni ili asije akatumbukia. Walikaa hivyo mabasi mawili yakapita. Bwana Adelard alisimama mbele yao, amewapa mgongo, akiwaelekeza abiria wapite upande wa pili.

Wakaweka pampu na bomba. Maji ya kile kisima sasa yanakwenda kwenye vyoo vya kituo, na mengine yanaoshea sakafu. Taarifa iliyoandikwa ilisema chanzo kimebainika kwa ushirikiano na wenyeji. Bwana Adelard alipewa cheti, akakitundika, kisha akakishusha akaenda kumwonesha Mzee Mwinshehe, akamuuliza kama angependa kukaa nacho wiki moja moja. Mzee akasema kikae tu ofisini, Chamazi kuna mchwa.

Siku ya kukabidhi kazi, vigae vimerudi, geti limefunguliwa, wote walisimama pale kwa ajili ya picha, mie nikiwa dirishani kwangu. Injinia Brightson alimshukuru Bi Zuena, tena kwa heshima, mkono kifuani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akauliza:

"Mama, kuna kingine chochote hapa chini tunachopaswa kujua?"

Bi Zuena akatazama huku na huku bila haraka. Akaunyoosha mkono kwenye dirisha langu la tiketi.

"Choo," alisema.

Nikatazama chini, miguuni pangu.

"Cha shimo?" aliuliza injinia.

"Cha shimo."

"Kina urefu gani kwenda chini?"

"Hicho niulizeni mie," alisema Mzee Mwinshehe. "Nilichimba mwenyewe. Futi ishirini na mbili."

Bwana Adelard akanishika mkono, akanitoa kibandani polepole, kama anayemtoa mtu kwenye mtumbwi. Kwa wiki tano niliuzia tiketi kwenye meza ya plastiki karibu na geti la pili, chini ya mwavuli wa kampuni ya soda, huku wakitoboa na kumimina zege. Bi Zuena alikuja mara mbili kwa wiki kusimamia. Alikuwa anakaa pembeni yangu, analeta kashata. Ilipotokea foleni imenizidi alinisaidia kuwapanga watu, na walimtii kuliko wanavyonitii mie.

Nilimuuliza mara moja kama bado roho inamuuma akifika pale. Alikuwa anatafuna kashata, akamaliza kwanza.

"Inauma," alisema. "Ila sebuleni hapa hapakuwa na hewa kama hii. Ukuta ulikuwa unazuia."