Kitufe Chekundu

Daktari alisema wazi, bila kuzungusha maneno: Jumanne, kwa upasuaji, uvimbe wa koo utaondoka, na sauti ya Mama itaondoka nao. Basi binti yake, fundi redio, akabaki na siku nne za kuinasa sauti hiyo. Huyu binti tangu utotoni aliitwa Chokonoa, kwa sababu hakuna kitu chenye skrubu kilichowahi kusalimika mikononi mwake.

Na sauti yenyewe ilikuwa sauti! Miaka ishirini na saba Mama alitangaza treni pale stesheni, na hakutokea mtu hata mmoja wa kumrekodi. Ndivyo tulivyo wanadamu, kitu ukikisikia kila siku huna habari nacho.

Chokonoa alijaribu simu. Mama akaitazama, akakohoa. "Nizungumze na kioo? Ng'o! Sijachanganyikiwa bado." Na Mama akishasema ng'o, hata umpigie magoti ni bure.

Ndipo fundi akakumbuka kwamba stesheni ya zamani ilibomolewa mwezi uliopita. Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akachakura mpaka adhuhuri, akakipata: kipaza sauti cha mezani, shingo ndefu, kitako kizito chenye kitufe chekundu kilicholika rangi katikati kwa kidole gumba cha mama yake. Akasimama pale kati ya mabomba na mageti, akalia. Muuza vyuma akadhani bei imemshtua, akampunguzia.

Nyumbani akakifungua. Plagi yake ya kizamani ilikuwa na pini tano, haiingii kwenye mtambo wowote wa siku hizi. Akaikata, akafunga mpya ya pini tatu: waya mbili za sauti kwenye pini ya pili na ya tatu, na ule wavu wa shaba unaozikinga na mvumo kwenye pini ya kwanza. Akalehemu taratibu, ulimi nje. Kitufe ndicho kilichomtoa jasho. Ndani kilikuwa kutu tupu, ukikigusa kinakwaruza sauti yote. Akaona isiwe tabu, akakiruka, akaunganisha waya moja kwa moja. Kitufe kikabaki pambo.

Alikikumbuka vizuri mno. Akitoka shule alikaa chini ya meza ya Mama, kwenye kile chumba cha kutangazia. Kitufe kikibonyezwa, Mama alikuwa mtu wa serikali: "Abiria wanaokwenda kusini, reli ya pili." Kikiachiwa, alikuwa Mama: "Wewe, maliza chai, inapoa. Na soksi moja umeipeleka wapi?" Stesheni nzima haikuyasikia hayo. Yalikuwa ya kwao wawili, na Chokonoa aliyapenda kuliko treni zote.

Jumapili asubuhi akamkalisha Mama chumbani, akafunga madirisha, yeye akaketi sebuleni na mtambo wake wa kurekodia, spika za masikioni kichwani, mlango ameuacha wazi kidogo ili amwone. Mama akanyoosha mgongo, akatengeneza kitambaa cha kichwa, akabonyeza.

"Abiria wapendwa..."

Sauti ilikwaruza kidogo kwa ule uvimbe, lakini ilikuwa yenyewe. Akazitangaza treni zote, hata zilizokufa zamani, moja baada ya nyingine. Kisha akaachia kitufe, na sauti ikaendelea kuingia.

"Haya, mwenzangu," Mama alikiambia kipaza sauti, polepole. "Wewe ndiye shahidi yangu. Treni iliyomchukua baba wa mtoto niliitangaza mimi, wala sikutetereka. Nilipokuachia nikalia mpaka treni ya saa kumi. Mtoto akaniuliza, nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Sasa Jumanne naogopa. Naogopa sana. Mtoto wangu nitamwitaje?"

Mkono wa Chokonoa ulifika kwenye swichi ya kuzima, ukakataa. Alilikumbuka lile vumbi. Miaka yote aliamini Mama hakumlilia yule baba hata tone, na kimoyomoyo hakuwa amemsamehe. Lo! Na fundi mzima kusahau kumwambia mtu kwamba kitufe kimekufa!

Akaingia chumbani. "Mama, nisamehe. Kitufe hakifanyi kazi. Nimesikia yote, na yote yameingia. Ukitaka nifute, nafuta sasa hivi."

Mama akakitazama kitufe, akamtazama binti yake, akacheka mpaka akakohoa. "Chokonoa wewe! Hata hiki hukukiacha kizima?" Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Usifute. Rudi kwenye mtambo wako."

Akarudi, akavaa spika. Kupitia upenyo wa mlango akamwona Mama akiweka kidole gumba mahali pake pa siku zote, akakibonyeza kwa nguvu kile kitufe kisichofanya kazi, akatangaza kwa sauti ya stesheni nzima:

"Abiria Chokonoa, abiria Chokonoa. Mama yako anakupenda. Njoo unywe chai, inapoa."