Kaenda Uani

Asubuhi ya mdahalo wa mwisho, Auleria alikuwa bwaloni akikusanya vikombe vya uji pale Mwalimu Isack alipochungulia mlangoni.

"Matroni, umemwona Sekela? Zamu yao imefika."

Auleria hakuwa amemwona. Kambi ile ya midahalo ilikuwa imepewa majengo ya chuo cha ualimu huku Kunduchi, wanachuo wenyewe wakiwa likizo, naye akaitwa kuwalea wasichana wa bwenini. Alikuwa hajatimiza hata miezi miwili tangu atoke Bukoba kuja kukaa kwa mwanawe. Lakini Sekela alikwishamjua vizuri: binti wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye pumu, ambaye akimaliza kutandika kitanda chake hutandika na cha mwenzake aliyechelewa kuamka.

Akaenda bwenini. Vitanda vilikuwa vitupu. Kwenye ngazi akapishana na Naima, rafiki yake Sekela, mwenyeji wa hapo hapo Kunduchi, akikimbilia ukumbini huku akijifunga mtandio.

"Naima, mwenzio yuko wapi?"

"Kaenda uani, mama. Mie nilidhani kesharudi!" Na huyoo, akaishia.

Auleria akazunguka nyuma ya bweni. Palikuwa na kamba za kuanikia nguo, majani yaliyoota ovyo, na ukuta uliobomoka pembeni. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na machimbo ya zamani ya kokoto, yamejaa maji ya masika. Siku ya kwanza ya kambi Mwalimu Isack aliwapanga watoto wote mstari, akawaonyesha lile pengo na kuwaambia kwamba atakayelivuka atarudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Kwenye tope la pengo palikuwa na nyayo za kandambili.

"Sekela!" Auleria aliita. "Sekela, mwanangu!"

Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kama hayajawahi kuguswa na mtu. Utulivu ule ndio uliomkata maini. Akageuka, akapiga kelele kuelekea getini.

"Mzee Mwishehe! Mtoto kaingia machimboni!"

Mwishehe alikuwa mlinzi, Mzaramo mtu mzima, mguu mmoja unamsumbua. Tangu pampu ya chuo iharibike, jioni jioni alikuwa akiwabebea wasichana ndoo za maji ya kuoga bila kuombwa na mtu. Sasa naye hakuuliza swali. Alivua kofia, akaiweka juu ya jiwe, akachukua mti mrefu na kuingia majini na nguo zake.

"Usinifuate, mama," alisema, akipapasa chini kwa ule mti. "Kule mbele kina kinazidi. Kaite watu."

Auleria alikimbia. Vipaza sauti vya ukumbini vilisikika hadi nje, na aliyekuwa akizungumza ni Brightson, msemaji wa upande wa kuunga mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, upande wa kupinga wako wapi? Msemaji wao kaingia mitini! Kasikia hoja zetu, homa ikampanda!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Auleria akapita katikati ya kicheko hicho mpaka kwa Mwalimu Isack, akamnong'oneza. Uso wa mwalimu ulibadilika. Brightson aliuona ule uso kutoka jukwaani, akashusha kipaza sauti taratibu.

"Jamani, mie nilikuwa natania tu," alisema, bila mtu kumlaumu. Akaruka kutoka jukwaani, akawa wa kwanza mlangoni, na wavulana wakamfuata.

Auleria naye alikuwa anatoka Naima alipomshika mkono. Mkononi mwake mwingine alikuwa na kichupa cha dawa ya kupuliza.

"Mama, dawa ya Sekela hii hapa, kaiacha kwenye kiti chake. Nimpelekee?"

"Umpelekee wapi!" Auleria alimshika mabega. "Kwa nini ulimwacha aende peke yake kwenye maji yale?"

"Maji gani, mama?"

"Si ulisema kaenda uani? Nyuma ya nyumba?"

"Mama... uani ni kujisaidia. Chooni! Sie kwetu huwezi kumtamkia mtu mzima chooni. Unasema uani."

Vyoo vya bwenini vilifungwa jana kwa kukosa maji, na wasichana wakaelekezwa vile vya zamani, nyuma ya maktaba, mahali asipopita mtu. Na watu wote sasa walikuwa wakikimbilia upande mwingine kabisa.

"Mwite Mwalimu," alisema. "La, njoo na mimi. Lete hiyo dawa."

Milango yote ya vyoo ilikuwa wazi isipokuwa wa mwisho. Auleria akaugonga, akaita. Hakujibiwa kwa sauti. Alichosikia ni mluzi mwembamba, wa kifua kinachotafuta hewa. Akavuta mlango, ukagoma. Chini yake palikuwa na uwazi wa kupitisha kiganja. Akalala kwenye sakafu iliyolowa, akaisukuma dawa ndani.

"Iko hapo karibu na mguu wako, mwanangu. Ipapase."

Mluzi ukazidi kuwa mwembamba.

Naima akalala ubavuni mwake, shavu kwenye saruji. "Sekela, ni mimi. Usiongee. Chukua tu."

Kitu kikakwaruza sakafu. Kisha wakasikia: pss. Baada ya muda, tena: pss.

"Komeo," sauti ya ndani ilisema hatimaye, kwa shida. "Limekwama. Niliita... kelele za spika..."

"Nyamaza, tumeshafika."

Naima alitimka kumwita Mwalimu, naye akaja na nondo na kulivunja komeo. Sekela alitoka midomo ikiwa na rangi ya jivu, akaketi kwenye ngazi ya maktaba, mgongo umeegemea kifua cha Auleria. Brightson, jasho likimtiririka, alipiga magoti na kuanza kumpepea kwa karatasi za hoja zake.

"Pumua, dada. Ukipona uje unipinge."

"Nitakupinga," Sekela alisema. "Ngoja... kwanza."

Rangi ilipoanza kumrudia, ndipo Auleria alipokumbuka kwamba wote walikimbilia huku na hakuna aliyemwambia Mwishehe. Akamkabidhi mtoto kwa Mwalimu, akarudi mbio kwenye lile pengo.

Mwishehe alikuwa bado majini. Sasa yalimfika kifuani. Mti alikuwa ameuacha, anatafuta kwa miguu, hatua moja moja, midomo ikisoma dua.

"Mzee! Toka! Kapatikana! Ni mzima!"

Akasimama, akafumba macho. "Alhamdulillahi." Alipofika ukingoni alikuwa anatetemeka, na Auleria akafungua kitenge chake cha juu akamfunika mabegani.

"Alikuwa wapi?"

Auleria aliona haya kujibu. "Alikuwa uani."

Mzee akamtazama, akayatazama maji. "Uani uani?"

"Uani ya kwenu. Mimi nilisikia uani ya kwetu."

Mwishehe alianza kucheka, meno yakigongana kwa baridi, hata akalazimika kumshika Auleria mkono asianguke.

"Basi mama, siku nyingine niletee neno kama ulivyopewa. Usinitafsirie."

"Nisamehe, mzee."

"Uji umebaki?"

"Hata kama haukubaki, nitakupikia," alisema Auleria, akaichukua ile kofia juu ya jiwe.

Wakavuka pengo polepole, kwa ajili ya ule mguu.