Kifurushi Kwenye Kichanja

Treni ilipokwisha kuondoka Stesheni ya Minegaoka ndipo Mzee Kuwabara alipoitazama mikono yake, akaiona mitupu. Mkewe, Fusae, alikuwa amekwenda na treni.

Fusae alikuwa majivu ndani ya mtungi mweupe uliofungwa kitambaa cha zambarau, na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kumzika. Binti yao alikuwa akiwangoja hekaluni, penye makaburi ya ukoo, vituo vichache mbele. Lakini behewa lilijaa watu waendao kazini, na Mzee, mtu wa kuona haya hata kukohoa mbele ya wenzake, hakutaka kuwabandikia marehemu kifuani asubuhi yote ile. Akampandisha juu, kwenye kichanja cha mizigo. Kisha milango ikafunguka Minegaoka, kituo alichoshukia miaka yote ya kazi, na miguu yake, bila kumuuliza mwenyewe, ikashuka.

Alimkimbilia Nishio, binti wa zamu aliyesimama penye lango la tiketi.

"Binti, nimesahau kifurushi."

"Usijali, baba, watu wanasahau kila siku. Kina nini ndani?"

Mzee alishusha sauti. "Mke wangu."

Nishio alimkodolea macho, kisha akaelewa. "Pole sana, baba. Yuko behewa gani?"

"La mbele, kichanja cha kushoto. Yaani miavuli niliyoipoteza kwenye treni hizi haina idadi! Alikuwa akinicheka: ipo siku utanisahau na mimi."

"Basi huko aliko leo mbavu hana," alisema Nishio, simu tayari sikioni. Mzee alitaka kukasirika, akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Kwa kawaida mtu hukifuata kitu chake mwenyewe kituo cha mwisho, akakikuta rafuni katikati ya miavuli ya wenzake. Lakini Nishio alizungumza kirefu, kwa upole, akiinamia simu kana kwamba wa upande wa pili anamwona.

"Amepatikana," alisema. "Kaa hapa upumzike. Wanamrudisha wenyewe."

Treni ya kurudi iliposimama, alishuka kondakta wa makamo, kifurushi amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Tulikaa naye chumba cha nyuma, dirishani," alisema. "Mbingu safi leo, baba. Ule mlima mkubwa ulikuwa unaonekana wote."

Mzee aliinama mpaka kiuno kikalia. Alimshukuru kondakta, akamshukuru Nishio, akamshukuru tena kondakta, na treni ikaondoka yeye bado anashukuru. Alipoinua kichwa ndipo jambo moja lilipomchoma: asubuhi moja tu, shukrani zote hizo kwa watu asiowajua! Fusae alimpikia chakula cha mchana cha kubeba kazini maisha yake yote, na kila siku yeye alikipokea akaguna tu, akavaa viatu.

Alipanda treni ya kwenda hekaluni, akaketi, mkewe mapajani. Behewa lilikuwa kimya, kama desturi, kila mtu na simu yake.

"Fusae," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Asante. Kwa yote."

Hakuna aliyegeuka. Ila mama aliyeketi kando yake aliuvuta mkoba wake, akasogea kidogo, akampisha Fusae nafasi.