Mililita Arobaini na Nane

Wengi wanyime, na wakijitwalia, wanyang'anye. Hivyo ndivyo alivyoamua profesa wa kemia, lundo la madaftari mezani, miwani imemteremkia puani.

Kisa chenyewe kilianza kwa binti wa mwaka wa kwanza. Wenzake walimwita Kobe, maana wao wakifungulia tindikali kama bomba la bustani, yeye huidondosha tone kwa tone, shingo kaitoa. Asubuhi ile alibisha hodi na barua mkononi: anaomba kuhamia idara nyingine.

"Kulikoni, mwanangu?"

Binti akavitazama viatu vyake. Akaeleza kwamba katika jaribio la juzi, la kupima tindikali inayotosha kuzima alikali, wenzake wote arobaini walipata mililita ishirini na nne. Yeye alipata arobaini na nane. Akarudia mara tatu, ikawa ile ile. Walimcheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akamshauri akapime maziwa sokoni.

"Mikono yangu haifai, Profesa."

Profesa aliinuka. Alimwongoza hadi maabara, akashusha chupa ya tindikali rafuni. Ndiyo ile ya juzi; alikuwa ameichanganya yeye mwenyewe, kwa kuwa fundi wa maabara alikuwa likizo. Akamwambia binti apime, yeye atashika kalamu.

Tone. Tone. Ishirini na nne ikapita, alikali bado ina rangi ya waridi. Thelathini ikapita. Arobaini. Ilipofika arobaini na nane, rangi ikatoweka kama haikuwahi kuwapo: alikali imezimika.

Profesa akavuta stuli, akaketi taratibu. Sasa alikumbuka: aliichanganyia kwenye chupa ya lita mbili badala ya lita moja. Tindikali ilikuwa nusu ya nguvu yake. Ishirini na nne isingepatikana hata kwa ndumba. Basi wale arobaini walinakili madaftari ya waliowatangulia, yanayorithishwa mwaka hadi mwaka kama shati la kaka.

"Mikono iliyokosea ni hii," akasema, akiinyoosha ya kwake, yenye mabaka ya dawa za miaka thelathini. "Yako usiipeleke popote."

Binti akaikunja barua ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na profesa akamwachia nafasi, akajifanya anaosha vyombo.

Saa nne alisimama mbele ya darasa, akakiri kosa lake la tindikali bila kupindisha neno, akawaomba radhi. Kisha akarudisha madaftari: sifuri arobaini, na alama zote kwa Kobe.

Alasiri akaja mkuu wa idara, ambaye profesa ndiye aliyemfundisha hata kushika pipeti, ule mrija wa kupimia. Alikuja mpole, akaongea kwa kuzunguka: darasa linanung'unika, wazazi wamepiga simu, kosa lilianzia kwa mwalimu. Mbona asiwape wote nusu alama, Kobe pamoja nao, yaishe?

Profesa alimfikiria yule binti, na idadi ya matone aliyoyahesabu mara tatu peke yake huku akichekwa.

"Mwalimu wangu," mkuu akabembeleza, "neno moja tu la samahani kwa zile sifuri litakupunguzia nini?"

"Kwa tindikali nimekwisha kuomba radhi, tena nimesimama. Kwa zile sifuri siombi. Leo siombi, na kesho usije kuniuliza."