Herufi Elfu Nne na Tisini na Sita

Viti vya kukodi vilikuwa vimerudishwa, maturubai yamekunjwa, na wageni wa matanga wameondoka kila mtu na njia yake. Katika nyumba ya Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, walibaki wawili tu: Orlane, na Lisette, mdogo wake marehemu mama yake. Mazishi yalikuwa yametimiza wiki moja. Asubuhi hiyo familia ilikuwa imefanya levée ya kwanza, yaani kutoa matanga, hotuba zikasemwa, watu wakanawa mikono, na sasa Orlane alikuwa huru kufungua faili la mama yake kwenye kompyuta.

"Usisome mpaka mutoe matanga," mama yake, Scholastique, alikuwa amemwandikia humo siku ya kwanza na kumwonyesha. Orlane hakusoma. Ndani ya faili hilo kungekuwa na jina la baba yake, na jina hilo alikuwa amelisubiri miaka thelathini na minne, kwa hiyo wiki moja zaidi haikuwa kitu.

Lazima tuseme ukweli kuhusu marehemu: alikuwa mkaidi wa kutupwa. Orlane alipomuuliza habari za baba akiwa na miaka kumi na minne, alikula kofi, na swali likafa hapo. Hata Lisette hakujua chochote, maana mwaka aliozaliwa Orlane yeye alikuwa Kigoma kwa mume wake wa kwanza, na aliporudi alikuta mtoto anatambaa. Kisha kiharusi kikamshika Scholastique. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukafa nao. Siku ya tatu hospitalini alimnyooshea Orlane kidole cha kushoto, akachezesha kile kidole hewani kama mtu anayeandika.

"Unataka kumuandikia ya baba yake?" Lisette aliuliza.

Scholastique akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka. Orlane alitoka nje kwenye korido akasimama huko peke yake na furaha ambayo aliona aibu kuwa nayo mbele ya mgonjwa.

Kalamu haikushikika. Vitufe vya simu vilikuwa vidogo kwa kidole kinachotetemeka. Ilibaki kompyuta ya zamani iliyokuwa kabatini, ambayo betri yake ilikufa siku nyingi na haikuwaka mpaka ichomekwe ukutani. Mtu mwingine angeweka humo programu yoyote ya kuandikia, ya bure, ya kawaida, mambo yakaisha. Lakini Orlane alikuwa na chake. Alipokuwa chuoni alitengeneza mkalimani wa Scheme, lugha ya kompyuta yenye mabano mengi hivi kwamba wenzake walisema anaandika kwa vipande vya kucha. Mkalimani huyo husoma maagizo yaliyoandikwa kwa Scheme na kuyafanya kuwa kazi. Alimjenga mstari kwa mstari, na miaka yote aliyofundisha informatiki kwenye lycée aliendelea kumrekebisha jioni, bila kuombwa na mtu. Hakuna aliyemtumia hata siku moja. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumtumia, na mtu mwenyewe ni mama yake. Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza, na mimi simtetei.

Kwa Scheme yake aliandika programu fupi: ukurasa mweupe, herufi kubwa, na kila kinachoandikwa kinaenda kuongezwa mwisho wa faili moja. Kila asubuhi ukurasa ulianza upya mweupe, kwa sababu Scholastique hakutaka Lisette akileta chai aone ya jana.

Programu ilifanya kazi, ila ilijikokota. Mkalimani alikuwa anapeleka kila herufi kwenye kadi ya kuhifadhia faili palepale ilipobonyezwa, akaihakikisha imekaa, ndipo arudi kuchukua nyingine. Ni kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe, na bomba liko mtaa wa pili. Mama alibonyeza, akangoja, akabonyeza, akangoja. Wiki ya pili alianza kupiga meza kwa ngumi ya kushoto.

"Nitairekebisha, mama," Orlane akamwambia. "Nipe siku kidogo tu."

Dawa yake inajulikana na kila anayejua kazi hiyo. Unatenga sehemu kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inaitwa bafa, herufi zinakusanyika humo, na ikijaa unazimwaga zote kwenye faili kwa safari moja. Kusoma faili nako hufanywa vivyo hivyo: unachota mengi kwa mara moja. Orlane alikaa na kazi hiyo alasiri kumi, akitoka shule moja kwa moja mpaka mezani, hata kula akisahau. Kwanza aliweka bafa ya herufi mia tano na kumi na mbili. Halafu akaona ni ya kitoto. Akaweka elfu nne na tisini na sita, kama wanavyoweka wakubwa. Akahakikisha kwamba programu ikifungwa, kilichobaki ndani ya bafa kinamwagwa. Pembeni ya msimbo akaacha kikumbusho: kumwaga pia kila baada ya sekunde tano. Alikusudia kukifanya wikendi. Wikendi ikaja na mitihani ya kusahihisha.

Siku ya kujaribu, mama aliandika mstari mmoja, kisha akaziba skrini kwa mkono uleule. Kidole hakikungoja tena. Scholastique alicheka kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, na Orlane akamwonyesha kitufe cha juu cha kufungia, akakibonyeza mwenyewe. Akaangalia ukubwa wa faili bila kulifungua: limeongezeka herufi hamsini kasoro. Akaridhika kabisa. Tangu hapo hakuangalia tena, maana hata kuhesabu herufi za mama yake aliona ni kuchungulia siri.

Sasa, katika nyumba ile hakuna kifaa kilichowahi kuzimwa kwa kitufe. Watu wa Bujumbura wanajua kwamba umeme ukikatika si neno. Unaporudi ndipo unaua vyombo. Scholastique alipoteza televisheni na friji alasiri moja, na tangu hapo akaweka sheria: ukimaliza kitu, toa prizi ukutani. Pasi, redio, chaja, vyote. Orlane amekua akikemewa kwa ajili ya prizi kuliko kwa ajili ya sala. Na mama yake, kila asubuhi alipomaliza kuandika, aliegemea meza, akanyoosha mkono wake mzima, akachomoa.

Herufi zilipokuwa zinaenda moja moja, kuchomoa hakukudhuru kitu, kwa kuwa zilishafika. Ile bafa ndiyo iliyobadilisha mambo: umeme ukitoka kabla haijamwagwa, vyote vilivyomo hupotea. Orlane alimwambia mama yake habari ya kitufe mara moja tu, kama unavyomkumbusha mtu kufunga mlango.

Alasiri hiyo baada ya levée, aliwasha mashine na kuliangalia faili. Jambo la kwanza aliloona ni tarehe ya mwisho ya kuandikwa. Ilikuwa ile siku ya kujaribu.

Aliizima mashine, akaiwasha tena. Tarehe ikawa ileile.

"Mama mudogo," alisema polepole, "mama aliandika mpaka lini?"

"Mpaka ile juma alirudi hopitali." Lisette alivuta kiti karibu. "Wiki tano tangu uitengeneze! Kila asubui. Mi namuletea chai, anafunika na mukono. Siku ingine analia, siku ingine anacheka yeye peke. Kwa nini unauliza?"

"Akimaliza alikuwa anafanya nini?"

"Si anatoa prizi? We haumujue mama yako?"

Orlane alimjua. Alikaa akihesabu, kwa sababu kuhesabu kulikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha kufanya. Kwa kidole kimoja, asubuhi moja, mama yake angeandika herufi mia sita, labda mia nane siku akiwa na nguvu. Bafa haikuwahi kujaa hata siku moja. Wiki tano Scholastique alisema alichokificha miaka thelathini na minne, na kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alikifuta kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Kama ile bafa ya kitoto ingeachwa, kila siku yangebaki maneno mia tano ya kwanza, au tuseme herufi mia tano. Jina ni herufi saba au nane.

Alijaribu alichoweza. Alipekua kadi yote kwa programu za kutafutia vilivyofutwa, akijua fika kwamba kisichoandikwa humo hakifutwi. Hakukuwa na kitu.

"Haikubaki, mama mudogo."

"Haikubaki nini? Mi nilimuona na macho yangu akiandika!"

"Aliandika. Ni mi nilipoteza. Ni kosa yangu." Akamweleza, kwa maneno machache, na Lisette alisikiliza mdomo wazi mpaka mwisho. Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Na ile ya mbele?" Lisette aliuliza baadaye. "Ile aliandika ikikuwa pole pole?"

Hiyo ilikuwepo. Orlane alifungua faili, akasoma kwa sauti. Zilikuwa kurasa mbili tu: Scholastique utotoni Buyenzi, viatu vyake vya kwanza, mwalimu aliyempiga kwa sababu alicheka, Lisette alipougua surua akalala naye kitanda kimoja. Lisette akaanza kulia. Orlane aliendelea mpaka mistari ya mwisho.

"'Iyi mashini inanichokesha. Ya baba yako ni mingi na ni nzito, siwezi kuisema herufi moja moja. Orlane amesema atairekebisha. Nitangoja ikuwe mbio.'"

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja peke yake, ule wa siku ya kujaribu.

"'Sasa iko mbio. Merci mutoto wangu. Kesho naanza.'"

Taa ya sebuleni ikayumba, ikafifia, ikarudi. Lisette, macho yamejaa machozi, aliinuka kwa mazoea akaelekea ukutani, kisha akasita, mkono juu ya prizi, akamtazama Orlane.

"Toa tu, mama mudogo," Orlane alisema.

Lisette akachomoa.