Majibu Yalikuja Mtoto Ameshaondoka

Mpimaji damu wa hospitali hakuwa mtu wa kupanda ngazi. Majibu yake huyatoa kwa simu, tena kwa mkato. Kwa hiyo muuguzi mkuu wa wodi ya wachanga alipomwona amesimama mlangoni akihema, alijua kuna jambo.

"Yule mtoto wa kitanda cha kona bado yupo?"

"Wameruhusiwa asubuhi. Kuna nini?"

"Manjano kwenye damu yake imepanda vibaya. Nimerudia kipimo nikidhani mashine imekosea. Haijakosea."

Asubuhi ile wodi ilikuwa imefurika, kina mama wawili wawili kitandani. Daktari wa zamu alimtazama mtoto chini ya taa hafifu akamwona mzima. Kwa ngozi nyeusi ti kama ile, nani angeona manjano? Damu ilikuwa imechukuliwa, lakini kila mtu alidhani mwenzake ameshauliza majibu. Mama mtu, binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza, akafunga virago vyake akaenda zake akitabasamu.

Muuguzi alimpigia simu. Haikupatikana. Akapiga tena na tena. Aliwahi kumwona mtoto aliyecheleweshwa kutibiwa manjano, shingo imekakamaa kwa nyuma, kilio chembamba kama mluzi, na sura ile haikumtoka akilini. Alichokumbuka ni kwamba binti alisema anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye geti la kijani.

Akamkimbilia dereva wa gari la wagonjwa, ambaye wote humwita Breki kwa sababu mguu wake hauachani nayo.

"Leo naomba usahau jina lako," alimwambia.

Breki alimtazama usoni, akameza utani wake, akawasha gari.

Kumbe nyuma ya kiwanda mageti ya kijani yalikuwa tele. La kwanza walipokelewa na mbwa. La pili hapakuwa na mtu. La tatu lilifunguliwa na bibi wa mtoto, kanga begani, macho yamejaa mashaka.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mjukuu wako."

"Marahaba. Amelala. Mtoto mpole huyo, hana usumbufu. Tangu wafike hajalia, hata kunyonya hadai."

Bibi alisema kwa kujisifu. Muuguzi alijua usingizi ule si upole, akaingia bila kungoja kukaribishwa.

Ndani, binti ameketi, gauni limelowa maziwa yasiyo na mnyonyaji. Muuguzi alimbeba mtoto hadi mlangoni penye mwanga, akambonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachia. Palipobonyezwa palibaki manjano iliyokolea. Akafunua jicho, nalo hivyohivyo.

"Turudi hospitali sasa hivi."

Bibi akaziba mlango. "Asubuhi mmesema mzima, saa hizi mgonjwa. Mnatufanya mpira? Wanangu wote walikuwa na manjano. Niliwaanika kwenye jua, ikaisha."

"Una haki ya kukasirika, mama. Tulipaswa kusubiri majibu, hatukusubiri. Ni kweli manjano nyingi huisha yenyewe. Hii imezidi, jua haliiwezi. Ikifika kwenye ubongo itauharibu, na hapo hatuna dawa. Nigombeze njiani, nitasikiliza yote."

Binti alikuwa ameshavaa kandambili. "Mama, tupishe," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi akawapisha, kisha akawatangulia kupanda gari. Njia nzima aligomba, wala hakuna aliyemkatiza.

Wodini, daktari wa zamu aliwapokea mlangoni. Mtoto akavuliwa, akafungwa kitambaa machoni, akalazwa chini ya taa za bluu za kushusha manjano. Mbili zilikuwa zimekufa. Daktari akazivuta zilizobaki karibu zaidi na kuagiza nyingine kutoka wodi ya jirani.

"Isiposhuka tutambadilisha damu," alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

Binti alikamua maziwa kwenye kikombe. "Atapona, sista?"

"Bado sijui. Lakini siondoki."

Kipimo cha kwanza, manjano ilikuwa palepale. Damu ya kubadilisha ikaletwa, ikawekwa tayari. Muuguzi alimnywesha mtoto maziwa kwa kikombe, tone kwa tone, mengi yakimwagikia shingoni. Kipimo cha pili, mpimaji alipanda ngazi tena mwenyewe.

"Imeshuka," alisema. "Kidogo, lakini imeshuka."

Haikupanda tena. Kesho yake mtoto alilia kwa hasira, kilio kizito cha mwenye njaa, na bibi akajifunika uso kwa kanga.

Kwenye kikao cha wodi, muuguzi hakutafuta wa kumbebesha lawama. Aliuliza tu pengo liko wapi. Daktari ndiye aliyependekeza kwamba asitoke mtoto yeyote kabla anayemruhusu hajasikia majibu kwa masikio yake, na kila mmoja atazamwe dirishani kwenye mwanga wa mchana.

"Na vitanda tutapata wapi?" mtu akauliza.

Wakahamisha makabati chumba cha stoo, wakaweka viti vya kupumzikia kwa mama wanaosubiri majibu. Tangu hapo muuguzi huwafundisha kina mama kubonyeza pua kabla hata hajawafundisha kuogesha.

Kilichobaki ni masikio, maana manjano ya namna ile huweza kuyaharibu. Katika kipimo cha kwanza cha masikio, la kushoto halikujibu. Mtaalamu wa masikio akawaambia warudi baada ya wiki kadhaa, na wiki hizo muuguzi alilala usingizi wa mang'amung'amu.

Waliporudi, aliomba ruhusa akaketi kando ya binti. Mtoto alikuwa mapajani, waya sikioni, ananyonya kidole. Mtaalamu alitazama mashine, akakunja uso, akausogeza waya, akarudia.

"Linasikia," alisema. "Yote mawili."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi aliwaaga, akatoka, akaketi kidogo kwenye ngazi. Kisha akapanda wodini, ambako kina mama wengine walikuwa wakimsubiri, kila mmoja akitaka kujua majibu yametoka au bado.