Wavu wa Tuta la Pili

Kipande changu cha barabara kinaanzia kwenye kibanda cha vinywaji na kuishia kwenye tuta la tatu. Huu ni mwaka wa sita nakifagia. Katikati ya njia ya kwenda na ya kurudi kuna mtaro, na mtaro huo unatokea nyuma ya nyumba ya dada yangu, fundi cherehani. Mvua zilizopita chupa ziliuziba. Maji yakaingia chumba cha kushonea, sare arobaini za shule zikaoza kabla hazijavaliwa. Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Yakiingia tena, mdogo wangu, nafunga kazi."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mvua zinyeshe.

Kwenye tuta la pili palikuwa na bango la onyo: USITUPE TAKA, FAINI KALI. Ajabu, chini ya bango ndipo chupa zilipojaa kuliko kwingine kote. Wenzangu walisema madereva ni wabishi. Mimi nilitaka kuona kwanza. Nikamwomba shemeji, mume wa dada, anipakie kwenye lori lake la mchanga.

"Shemeji, leo umeuacha ufagio umepanda gari? Umepata cheo?"

"Endesha tu. Nakutazama."

"Nitazame vizuri, nimependeza."

Alinunua maji pale kibandani, akawa anakunywa huku foleni ikijikokota. Kwenye tuta la pili chupa ikaisha. Akafumba jicho moja, akairusha. Ko! Ikagonga nguzo ya bango. Akatabasamu.

"Shemeji! Mtaro huo si unapita kwako?"

"Chupa moja itaziba nini? Halafu nisipotupa, utafagia nini? Nakulindia ajira."

Sikukasirika. Utani wa shemeji hauwekwi moyoni, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichokifuata. Hakuwa ametupa tu. Alikuwa amelenga.

Nilitafuta ringi ya baiskeli, nikaifungia wavu chakavu wa goli, nikaining'iniza kwenye nguzo ileile, usawa wa dirisha la lori. Chini yake nikaandika kwa rangi: UKIKOSA, SHUKA UOKOTE.

Msimamizi wetu alikuja mikono kiunoni. "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, mkuu. Nipe wiki mbili. Mtaro ukijaa, wavu nautoa mwenyewe."

Alitazama wavu, akanitazama mimi. "Wiki mbili," akasema.

Asubuhi iliyofuata shemeji akafika na lori lake, nyuma yake foleni ndefu. Akasoma maandishi, akacheka, akafumba jicho. Chupa ikagonga ukingo wa ringi, ikaangukia mtaroni.

"Kakosa!" akapaza sauti mwendesha pikipiki. "Shuka, mzee, uokote!"

"Wavu mpana kama beseni, na umeukosa? Barabara unaionaje?" akadakia dereva wa teksi.

Honi zikaanza. Shemeji akanitazama nimtetee. Niliegemea ufagio wangu. Hatimaye akafungua mlango, akashuka, akaokota, akaitumbukiza wavuni kwa mkono. Watu wakampigia makofi.

"Umefurahi sasa, shemeji?"

"Bado. Nyuma ya mguu wako kuna nyingine."

Akaiokota na hiyo.

Tangu siku hiyo kila akipita ananitangazia dirishani: "Leo tano kwa tano!" Na wengine hivyohivyo. Wavu naumwaga mara mbili kwa siku. Wapo wanaotupa bado, siwezi kusema uongo, lakini hao nawamudu kwa ufagio mmoja.

Mvua ya kwanza ilishuka kwa kishindo. Nilikuwa kwa dada, nimekaa kwenye benchi kando ya mashine yake. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yakikimbia mtaroni bila kusimama. Dada aliinama, akapapasa sakafu chini ya mlango kwa kiganja. Kikavu. Akarudisha mguu kwenye pedali.

"Sogea huko," akasema. "Umekalia sare ya mtu."